Kata ya Reli katika Mji Usio na Reli

Manispaa ya Mtwara Mikindani ina kata iitwayo Reli. Imo katika orodha moja na Chikongola ninakoishi, na Shangani, Vigaeni, Chuno, Rahaleo na nyinginezo. Ina diwani wake, ina wapiga kura wake, ina wakazi wanaoandika jina hilo kwenye fomu za hospitali na za shule bila kulifikiria. Kitu kimoja tu haina, nacho ni reli. Kijana aliyezaliwa na kukulia katika mji huu anaweza kumaliza kidato cha sita bila kuona treni kwa macho yake, mpaka siku atakapokwenda Dar es Salaam.

Mara kwa mara huwauliza wanafunzi wangu jina hilo limetoka wapi. Wachache husema wamesikia kwa babu zao kwamba gari moshi lilikuwapo. Wengi hukisia kwamba jina ni la matumaini, kwa kuwa serikali imeahidi reli ya kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay. Jibu hili la pili ndilo lililonifanya niandike makala haya. Watu wanaodhani kuwa kumbukumbu ni ahadi hawawezi kuidai ahadi hiyo ipasavyo, kwa sababu hawajui walipata nini mara ya kwanza, wala walikipotezaje. Basi tuizungumze reli iliyokuwapo, ili tujue tudai nini katika reli ijayo.

Reli iliyozaliwa yatima

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha, Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkuu wa kampuni ya United Africa Company, alipendekeza kwamba karanga zilimwe kwa matrekta katika mapori ya Afrika Mashariki. Ujumbe ulioongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo Tanganyika, ukazunguka na kurudi na ripoti yenye matumaini makubwa. Waziri wa Chakula wa serikali ya Labour, John Strachey, akaupigania mpango huo bungeni. Ekari zaidi ya milioni 3 zilipangwa kulimwa, sehemu kubwa zikiwa Kongwa, Urambo na Nachingwea. Takriban nusu ya ekari hizo zilikusudiwa kuwa huku kwetu, katika lililoitwa Jimbo la Kusini.

Jimbo hilo halikuwa na reli wala gati la maji marefu. Wajerumani walikuwa wamefikiria reli ya kusini kutoka Kilwa hadi Ziwa Nyasa, wakaipima na kuiandikia ripoti mwanzoni mwa karne iliyopita, lakini hawakuijenga. Reli zao mbili, ya Tanga hadi Moshi na ya Dar es Salaam hadi Kigoma, ziliiacha kusini kando. Kwa hiyo wapangaji wa karanga walilazimika kuanza na kila kitu kwa mpigo. Walichagua ghuba ya Mtwara kwa kina chake, wakachora mji mpya pembeni mwa Mikindani ya kale. Kwa kuwa bandari ingechukua muda, walianza na njia ya muda kutoka Mkwaya, mwisho wa mkono wa bahari uingiao Lindi, hadi Nachingwea. Njia hiyo ilianza kufanya kazi mwaka 1949. Katikati ya miaka ya 1950 Mtwara ikapata gati lake na reli yake, na baadaye tawi likafika upande wa Masasi.

Tuangalie mpangilio wa tarehe hizo. Januari 1951 serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mradi wa karanga umeshindikana, na pauni zaidi ya milioni 36 zikafutwa kwenye vitabu. Udongo wa Kongwa ulikuwa umevunja majembe, mvua hazikufuata kalenda ya London, na matrekta yaliyonunuliwa kwenye masalia ya vita yaliharibika upesi kuliko yalivyoweza kutengenezwa. Maana yake ni kwamba treni ya kwanza ilipoondoka Mtwara, mzigo ambao njia ile ilijengewa ulikuwa umekwisha kufa. Reli yetu ilizaliwa yatima.

Iliangukia mikononi mwa Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki, lenye makao makuu Nairobi. Ilibeba mazao ya wakulima, bidhaa za madukani, watumishi wa serikali, wagonjwa, wanafunzi na wafanyabiashara wadogo. Vitabuni ilionyesha hasara, na haikuwa siri. Mwaka 1962, Tanganyika ikiwa huru kwa muda usiotimiza hata miaka miwili, ilifungwa. Kisha vyuma vikang'olewa.

Sitaki kuwahukumu viongozi wa mwaka ule. Walirithi nchi yenye shule chache, madaktari wachache na hazina nyembamba, na njia ya reli yenye hasara ilikuwa mzigo ambao hakuna waziri wa fedha angeupenda. Tena hasara yenyewe haikuwa dhambi yao, kwa kuwa walikabidhiwa reli iliyopimwa kwa ajili ya mamilioni ya ekari za karanga ambazo hazikuota. Lakini tofauti ya kufunga na kung'oa ni kubwa. Njia iliyofungwa huweza kusubiri. Iliyong'olewa imekwisha.

Na mzigo ulikuja. Mikorosho iliyopandwa na wakulima wadogo wa Masasi, Newala na Lindi, bila Strachey wala trekta, ilizaa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zinazokaribia tani 145,000, sehemu kubwa ikitoka kusini. Hiyo ilikuwa miaka kumi na ushei tu baada ya kufungwa kwa reli. Zao lililostahili treni lilifika stesheni likakuta treni imeondoka, na vyuma vyake pia. Korosho hizo, na zote zilizofuata, zimebebwa kwa malori mpaka leo, hata Novemba 2018 ambapo serikali ilituma magari ya jeshi kuja kuzikusanya.

Stesheni ni nini hasa?

Tunapozungumza juu ya reli, ndimi zetu hukimbilia vyuma, vichwa vya treni, kilomita na matrilioni. Ni mara chache tunazungumzia stesheni. Hata hivyo, mwananchi wa kijijini hakutani na reli kwenye kilomita. Hukutana nayo kwenye stesheni, na kama kijiji chake hakina stesheni, reli kwake ni kelele inayopita usiku na hatari kwa mbuzi wake.

Stesheni ndogo ya shamba, iwe ya Uingereza au ya Tanganyika, ilikuwa na vitu vilevile vichache. Palikuwa na dirisha la tikiti, ukumbi wa kungojea, benchi, saa ukutani, mizani, chumba cha vifurushi na waya wa simu. Zama za mvuke palikuwa na tangi la maji pia, kwa sababu injini ilikuwa na kiu. Juu ya vyote hivyo palikuwa na stesheni masta, mtu mmoja mwenye kofia aliyewajibika kwa kila kilichotokea hapo.

Ukivitazama vitu hivyo kwa jicho la siasa, utaona kuwa kila kimoja ni mkataba kati ya mwananchi na mamlaka. Saa ya stesheni ilikuwa ahadi ya hadharani. Miji ya Uingereza iliwahi kufuata kila mmoja saa yake kwa kutazama jua, mpaka reli zilipoanza kufuata saa ya London, kampuni ya Great Western ikitangulia mwaka 1840. Sheria ya kuifanya saa hiyo kuwa ya nchi nzima ilikuja baadaye sana, mwaka 1880. Ratiba ilipobandikwa ukutani, hata mtu asiye na cheo aliweza kunyoosha kidole na kusema kwamba treni imechelewa. Mizani nayo iliondoa ubishi, kwa maana mkulima na mchuuzi waliona sindano ileile. Risiti ya kifurushi iliupa mzigo wa maskini jina na namba, sawasawa na mzigo wa tajiri.

Thamani ya risiti hiyo naijua kwa kuikosa. Miaka kadhaa iliyopita nilitumiwa sanduku la vitabu kutoka Dar es Salaam kwa basi, kama tunavyofanya sote. Mzigo alipewa kondakta, mimi nikapewa namba ya simu ya kondakta. Basi likafika, sanduku halikufika. Simu iliita siku ya kwanza, siku ya pili ikapokewa na mtu mwingine, siku ya tatu haikupatikana. Nilipokwenda kwenye ofisi ya kukata tikiti, kijana aliyekuwapo alinijibu kwa upole kabisa, "Mwalimu, hapa sisi tunauza siti tu." Alisema kweli. Hapakuwa na chumba cha vifurushi, hapakuwa na daftari, hapakuwa na mtu aliyewajibika. Nimesimulia kisa hiki kwa wenzangu wengi mjini, na karibu kila mmoja amenijibu kwa kisa chake.

Huduma kama hizi hazina maajabu, na pengine ndiyo sababu hatuzidai. Tumezoea kuhesabu maendeleo kwa vitu vinavyoonekana kutoka mbali, kama daraja, jengo, gati na mnara. Kusini imepata vitu hivyo na mimi ni mmoja wa walionufaika. Nilipoanza masomo ya juu, Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji lilikuwa bado halijafunguliwa. Masika yalipokolea, safari ya kwenda Dar es Salaam ilihesabiwa kwa siku, na kulala Ndundu kusubiri pantoni halikuwa jambo la kusimulia. Daraja lilipofunguliwa mwaka 2003, na lami ilipomalizika miaka kadhaa baadaye, tulipumua. Lakini Mei 2024 mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara eneo la Somanga, na kwa siku kadhaa Lindi na Mtwara zilirudi kuwa kisiwa. Njia moja ni njia, lakini si mfumo. Mahali penye njia ya pili, maji yakikata moja, watu hupanda nyingine.

Waliofunga kwa kusikiliza, waliofunga bila kung'oa

Inashangaza jinsi tarehe zinavyoweza kukutana. Mwaka 1963, wakati sisi tumekwisha kuipoteza reli yetu, Uingereza ilitoa ripoti ya Richard Beeching, mwenyekiti wa Bodi ya Reli ya nchi hiyo. Ripoti ilipendekeza kufunga stesheni 2,363 na takriban maili 5,000 za njia. Nyingi zilikuwa stesheni za vijijini kabisa, zenye abiria wachache kwa siku na bustani ya maua iliyotunzwa na stesheni masta. Hoja ya Beeching ilikuwa ileile iliyoifunga reli ya kusini, kwamba mapato hayatoshi.

Tofauti mbili zinafaa kutufunza. Ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Usafiri ya Uingereza ya mwaka 1962 ilitaka kwamba kabla ya kuondoa huduma ya abiria, tangazo litolewe, na watumiaji wapate nafasi ya kupinga mbele ya kamati za ushauri. Kamati hizo zilipima jambo moja mahususi, yaani taabu watakayoipata watu stesheni ikifungwa, kisha waziri ndiye aliyeamua. Kamati hizo hazikuwa na meno makali, na stesheni nyingi zilifungwa licha ya pingamizi. Hata hivyo, taabu ya abiria iliandikwa katika kumbukumbu za serikali kando ya hasara ya shirika, na baadhi ya njia ziliokoka kwa sababu hiyo.

Tofauti ya pili ni ya vyuma. Mji wa Okehampton, kusini-magharibi ya Uingereza, ulipoteza treni zake za kawaida za abiria mwaka 1972. Lakini njia haikung'olewa, kwa sababu jirani yake palikuwa na machimbo ya mawe yaliyoendelea kuitumia. Novemba 2021 treni za kila siku zilirudi Okehampton, na stesheni ikafunguliwa tena. Kitu kilichouwezesha mji huo kuvumilia karibu nusu karne na hatimaye kupata tena huduma yake kilikuwa kidogo sana: vyuma vilivyobaki ardhini. Sisi hatukubakiwa na kitu cha kufungua tena. Tutaanza upya kupima, kufidia na kujenga, kana kwamba hapajawahi kuwa na kitu.

Treni ya wanyonge kwenye reli ya shaba

Pengine msomaji atasema kwamba Uingereza ni nchi tajiri na mifano yake haituhusu. Basi turudi nyumbani. TAZARA ilijengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, kwa mkopo na utaalamu wa China. Nayo ilijengwa kwa ajili ya mzigo mmoja mkuu, shaba ya Zambia, iliyohitaji njia ya baharini isiyopita kwa Wazungu wa Rhodesia waliojitangazia uhuru mwaka 1965. Kwa asili yake, basi, haikuwa tofauti sana na reli ya karanga.

Mwisho wake umekuwa tofauti, na sababu mojawapo ni stesheni. TAZARA iliwekewa stesheni nyingi ndogo kando ya njia, hasa katika bonde la Kilombero, na treni ya kawaida iliyosimama katika stesheni hizo. Wakati wa operesheni vijiji, watu walihamishiwa kando ya reli hiyo. Mwanahistoria Jamie Monson, katika kitabu chake cha mwaka 2009 kuhusu TAZARA, ameonyesha jinsi treni hiyo ya kawaida ilivyojenga uchumi wake yenyewe: mpunga, mahindi na ndizi vikipakiwa kama vifurushi vya abiria, mama mchuuzi akipanda stesheni moja na kushuka ya tatu yake, familia zikilima sehemu moja na kuuza nyingine. Ifakara na Mlimba zilikua kwa namna hiyo. Shaba ilipopungua, kwa kuwa siasa za kusini mwa Afrika zilibadilika na njia nyingine zikafunguka, watu wa kando ya reli hawakupungua. Waliendelea kuihitaji, na huduma za stesheni zao zilipotishiwa walisimama kuzitetea.

Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Reli inayotegemea mzigo mmoja hufa pamoja na mzigo huo. Reli yenye stesheni hupata wenyewe, na kitu chenye wenyewe hakifi kimyakimya. Kama reli ya karanga ingekaa muda wa kutosha kupata wachuuzi wake, vijiji vyake na madai yake, huenda mwaka 1962 ungekuwa mgumu zaidi kwa walioshika kalamu.

Reli ijayo

Reli inayokusudiwa sasa ni ya kutoka Mtwara kupitia ukanda wa Masasi, Tunduru na Songea hadi Mbamba Bay kwenye Ziwa Nyasa, takriban kilomita 1,000, pamoja na matawi ya kwenda Mchuchuma na Liganga. Sababu yake inatajwa bila kificho, nayo ni makaa ya mawe ya Mchuchuma na chuma cha Liganga. Bandari ya Mtwara imekwisha kuongezewa gati la mita 300, na makaa kutoka mkoa wa Ruvuma tayari yanafika hapa kwa malori yanayoitesa barabara na kuwatisha waendesha bodaboda. Reli itakuwa nafuu kwa barabara, kwa bandari na kwa hazina. Naiunga mkono bila kusitasita.

Lakini nikisikiliza jinsi inavyozungumzwa, nasikia sauti ya mwaka 1947. Tani hutangulia, kilomita hufuata, kisha gharama, kisha mbia wa kujenga. Karanga wakati ule, makaa ya mawe leo. Makaa ya mawe nayo ni mzigo ambao dunia inabishana kuhusu mustakabali wake, na nchi kadhaa zinazoyanunua zimetangaza nia ya kupunguza matumizi. Hatupaswi kujenga tena njia ambayo bei ya bidhaa moja ikianguka katika soko la mbali, kalamu moja inatosha kuifunga.

Kuna kumbukumbu nyingine inayofaa kutajwa kwa adabu. Mwaka 2013 watu wa mji huu waliandamana kuhusu bomba la gesi, watu wakafa na mali zikachomwa. Makosa yalikuwapo pande nyingi na sitayafufua hapa. Lakini swali lililokuwa chini ya fujo zile lilikuwa halali: kitu kikubwa kinapopita katika ardhi yetu kwenda kwingine, sisi tunaachiwa nini? Bomba halina stesheni. Limepita na kwenda zake, na hakuna kijana wa njiani awezaye kulipanda. Reli inaweza kuwa na stesheni, na hii ndiyo tofauti ambayo tusikubali ipotee mezani. Ikijengwa kwa ajili ya mzigo peke yake, itakuwa bomba la makaa.

Kwa hiyo nina mambo manne ya kuyadai, na nayaandika hasa kwa watumishi wa umma wanaosoma safu hii, kwa kuwa baadhi yao watakaa katika vikao ambavyo sisi wengine hatualikwi.

La kwanza, orodha ya stesheni itangazwe na kujadiliwa na halmashauri zote za ukanda huu kabla mkataba wa ujenzi haujatiwa saini. Kuongeza stesheni kwenye mchoro ni kazi ya kalamu. Kuiongeza baada ya tuta kumwagwa ni kazi ya mabilioni.

La pili, treni ya kawaida ya abiria iandikwe katika masharti ya uendeshaji, ikiwa na behewa la vifurushi, mizani na risiti. Tumeona wakati treni ya mwendokasi ilipoanza safari za Dar es Salaam na Morogoro mwaka 2024 kwamba hata reli ya kisasa kabisa inaweza kuwa na stesheni Soga, Ruvu na Ngerengere. Kama Ngerengere imestahili, Tunduru inastahili.

La tatu, pawe na sharti la kisheria kwamba hakuna huduma ya abiria itakayoondolewa bila tangazo, bila muda wa pingamizi, na bila kuandikwa kwa taabu watakayoipata watu. Vyombo vya kuanzia tunavyo. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, ina wajibu juu ya reli pia, na lipo baraza la ushauri la watumiaji wa huduma za usafiri ardhini. Kinachokosekana ni kifungu chenye meno.

La nne, hata siku huduma ikisimama, njia isiuzwe wala isigawiwe, na vyuma visiguswe kwa kipindi kitakachotajwa katika sheria. Taifa lililopoteza reli nzima kwa kuharakisha linajua bei ya uvumilivu.

Najua nitakayojibiwa. Mchumi atasema kwamba stesheni za vijijini hazijilipi. Ni kweli, hazijilipi kwa tikiti. Lakini hata barabara ya kutoka Masasi kwenda Newala haina dirisha la kukusanya nauli, wala hatuifungi kwa hasara. Tunaihesabu kwa kile inachowezesha: korosho zilizofika ghalani kabla ya mvua, mama mjamzito aliyefika hospitali, mwalimu aliyekubali kupangiwa shule ya mbali kwa kuwa anajua ataweza kurudi nyumbani likizo. Sioni kwa nini stesheni ipimwe kwa mizani nyingine.

Mwanaharakati naye ataniambia kwamba hii si kadhia kubwa. Ardhi na fidia ndiyo mapambano. Nakubali kuhusu ardhi na fidia. Hata hivyo fidia hulipwa mara moja na huisha, tena mara nyingi huisha mapema kuliko tulivyodhani. Stesheni huwalipa watoto wa waliofidiwa, na watoto wao, kila treni inaposimama.

Wanafunzi wangu, ninyi ndio mtakaotumwa kuzunguka vijijini na dodoso za athari za mradi, kwa posho ndogo na jua kali. Dodoso zitawauliza wananchi wana miti mingapi, makaburi mangapi na vyumba vingapi ndani ya mita za hifadhi ya reli. Jazeni kwa uaminifu. Lakini pale penye nafasi ya maoni mengine, msiiache wazi. Mwulizeni kila mtu treni isimame wapi, abebe nini, na siku gani ya wiki. Andikeni majibu yake kwa maneno yake. Tani za makaa zimekwisha kupata wasemaji, wenye tai na michoro. Abiria wa Nanyumbu na Tunduru bado hajapata, na karatasi hiyo huenda ikawa mahali pa kwanza ambapo serikali itaona kwamba yupo na anangojea.